Bandari ya Bensalem: Utawala, Ugeni na Safari ya Maarifa katika Nchi ya Kubuni

Fasihi ya nchi za kubuni si jambo geni kwa msomaji wa Kiswahili. Tangu Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, vizazi vya wanafunzi vimezoea kuisoma nchi isiyokuwako kama kioo cha nchi zilizoko. Jambo ambalo halijazoeleka sana ni kuisoma nchi ya namna hiyo kwa kuanzia bandarini mwake. Ilhali watu wa pwani wanajua kwamba tabia ya mji hudhihirika forodhani kabla haijadhihirika barazani kwa mtawala: nani anaruhusiwa kushuka, nani anamwandikisha, anapelekwa kulala wapi, na siku ya kuondoka anaruhusiwa kuchukua nini. Mhadhara huu unaitazama kwa jicho hilo bandari moja mashuhuri ya kubuni, ile ya kisiwa cha Bensalem, kisha unaisogeza karibu na bandari za Waswahili ili kuona kinachofanana na kinachopingana.

Bensalem imo katika kitabu kifupi cha Mwingereza Francis Bacon, New Atlantis, kilichochapishwa mwaka 1627, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kitabu hicho hakikukamilika. William Rawley, aliyesimamia uchapishaji, alieleza katika dibaji kwamba mwandishi alinuia pia kutunga sheria za nchi hiyo, yaani mfano wa dola iliyo bora, lakini shughuli zake za kukusanya habari za maumbile zikamvuta upande mwingine. Kwa hiyo msomaji anayetafuta katiba ya Bensalem haipati. Hakuna sura inayoeleza bunge, baraza la mawaziri wala namna mfalme anavyorithiwa. Mfalme yupo, na hati zake hutajwa, lakini haonekani. Kilichoandikwa kwa ukamilifu ni mapokezi ya meli moja iliyopotea, na ni katika mapokezi hayo serikali ya Bensalem inasomeka.

Kuwasili

Meli hiyo ilitoka Peru ikielekea China na Japani kwa njia ya Bahari ya Kusini, ikiwa na chakula cha miezi kumi na miwili. Pepo zikageuka, chakula kikaisha, na mabaharia wakakata tamaa, mpaka walipoiona nchi isiyokuwa katika ramani yoyote. Walipokaribia gati waliona watu wenye fimbo mikononi wakiwaashiria wasishuke. Hakukuwa na kelele wala ukali. Mara ikaja mashua yenye watu wanane, na mmoja wao akawakabidhi hati ya ngozi iliyoandikwa kwa lugha nne: Kiebrania cha kale, Kigiriki cha kale, Kilatini na Kihispania. Hati iliwakataza kushuka na kuwapa siku kumi na sita za kuondoka, isipokuwa waongezewe muda. Lakini papo hapo iliwataka waandike mahitaji yao ya maji, chakula, dawa na matengenezo ya chombo, nao wangepewa.

Hati hii yafaa itazamwe kwa makini. Amri na huruma zimo katika karatasi moja, chini ya muhuri mmoja. Mgeni hajaulizwa jina, na tayari amekwisha kukatazwa na kuahidiwa. Zaidi ya hayo, mji ambao haumo katika ramani ya mtu yeyote unawasemesha wageni wake kwa lugha yao wenyewe. Mabaharia wanashangaa, wanakijua kisiwa kile kwa muda wa saa chache tu, kumbe chenyewe kinawajua wao tangu zamani. Mambo mengine yote ya kitabu hiki yanatokana na kutolingana huku.

Baadaye alikuja ofisa wa cheo, akasimamisha mashua yake kwa mbali. Aliuliza kama wageni ni Wakristo, kisha akawataka waape kwamba si maharamia na kwamba hawakumwaga damu, kwa haki au kwa dhuluma, katika siku arobaini zilizopita. Mwandishi wa serikali akakiandika kiapo katika daftari. Ofisa hakupanda melini kwa kuogopa maradhi, maana wagonjwa walikuwa kumi na saba katika jumla ya watu hamsini na mmoja, na mwandishi wa serikali aliyekuja melini baadaye alishika mkononi tunda linalofanana na chungwa ili limkinge na uambukizo. Hapa pana utaratibu kamili wa bandari: ukaguzi wa afya, uchunguzi wa dini na mwenendo, na daftari. Nakhodha yeyote aliyewahi kusubiri nje ya bandari akitazama mashua ya daktari ikimjia angeutambua mara moja.

Wageni walipotaka kumpa mwandishi huyo wa serikali sarafu za dhahabu alizikataa, akieleza kwa adabu kwamba mtumishi wa serikali ana ujira wake na haimfai kupokea malipo ya pili kwa kazi ile ile. Watumishi wengine nao walikataa kwa maelezo hayo hayo. Msomaji wa London wa mwaka 1627 hakukosa kuuhisi uchungu wa jambo hili. Bacon mwenyewe alikuwa Mwanasheria Mkuu na baadaye Lord Chancellor wa Uingereza, na mwaka 1621 alishitakiwa bungeni kwa kupokea zawadi kutoka kwa watu wenye kesi mbele yake. Alikiri, akatozwa faini ya pauni 40,000 na kuzuiwa kushika ofisi ya serikali tena. Mtu huyo ndiye aliyebuni forodha isiyopokea rushwa. Si lazima kumdhihaki kwa hilo. Yamkini hakuna aliyeijua vizuri zaidi bei ya mtumishi anayelipwa mara mbili.

Nyumba ya Wageni

Siku iliyofuata mabaharia walipelekwa katika Nyumba ya Wageni, jengo zuri la matofali lenye vyumba vya wakubwa, vya mabaharia wa kawaida na vya wagonjwa. Walitakiwa wasitoke nje kwa siku tatu, wakawekewa watumishi sita wa kuwahudumia. Siku tatu! Msomaji wa Kiswahili hatakosa kukumbuka ile methali inayomfanya mgeni kuwa mgeni kwa siku mbili na ya tatu kupewa jembe. Bensalem inafanya kinyume: siku ya nne haimpi mgeni jembe, inampa mkuu wa nyumba. Mkuu huyo, kasisi kwa wito wake, aliwaarifu kwamba wanaweza kukaa wiki sita na kwamba gharama zote ni za serikali. Nyumba ile ilikuwa tajiri, alieleza, kwa kuwa mapato yake yalilimbikizwa kwa miaka thelathini na saba bila kutumiwa; muda wote huo hakuna mgeni aliyewahi kufika. Sharti lilikuwa moja, kwamba wasivuke umbali wa maili moja na nusu kutoka kuta za mji bila ruhusa maalumu.

Kwa lugha ya pwani mtu angesema nyumba hiyo ina wakfu. Lakini wakfu huu una tabia ya pekee: mgeni anakuwa mgeni wa serikali, si wa mtu. Hakuna familia inayomkaribisha, hakuna mama wa nyumba anayemjua kwa jina, hakuna mtoto anayetumwa kumwita chakulani. Anahudumiwa vizuri na watu waliopangiwa zamu. Wageni wale walisema wamefika mahali panapofanana na pepo, na maneno yao yanaaminika. Hata hivyo yapo mambo mawili waliyoyahisi tangu mwanzo na ambayo Bacon hakuyaficha. Mkubwa wao aliwakusanya wenzake akawaonya kwamba huenda wamewekwa pale ili wachunguzwe, na kwamba wafanye adabu. Ukarimu wa Bensalem una macho.

Sababu za utaratibu huu zinaelezwa baadaye na mkuu wa nyumba. Miaka ipatayo 1,900 kabla ya meli ile, mfalme Solamona aliiona nchi yake kuwa inajitosheleza, na akahofu kwamba mchanganyiko wa desturi ungeiharibu. Akapiga marufuku kuingia kwa wageni, lakini hakutaka marufuku hiyo iwe ya kinyama. Anayetaka kuondoka anaruhusiwa. Anayetaka kubaki hupewa maisha mazuri. Matokeo yake ni kwamba katika karne zote hizo haikukumbukwa hata meli moja iliyorudi kwao, na watu waliochagua kurejea walikuwa kumi na watatu tu. Walichokieleza huko hakikuaminiwa. Kilichukuliwa kuwa ndoto. Hivyo siri ya Bensalem inalindwa na ukarimu wenyewe kuliko silaha. Hii ndiyo hila kubwa ya serikali ile: mgeni hafungwi, anapendezwa mpaka asahau kurudi.

Kuhusu desturi za watu, kitabu kinaeleza kwa urefu sherehe moja, nayo ni Karamu ya Ukoo. Mwanamume anayeishi hadi kuona watu thelathini waliozaliwa kutokana naye, wote hai na wenye umri wa zaidi ya miaka mitatu, hufanyiwa sherehe kwa gharama ya dola. Kabla ya siku yenyewe yeye hukaa na mkuu wa mji, wakasuluhisha magomvi ya jamaa, wakawasaidia waliofukarika na kuwakaripia wenye mwenendo mbaya. Kisha mfalme humpa hati na mapato. Mama wa watoto hao, kama yu hai, hukaa katika chumba cha juu chenye dirisha, anaona naye haonekani. Bacon hasemi zaidi juu yake, na ukimya huo unatosha. Kuhusu ndoa inatajwa kwamba watu hawaruhusiwi kufunga ndoa kabla ya mwezi kupita tangu walipoonana mara ya kwanza, na kwamba ndoa bila idhini ya wazazi haibatilishwi, ila watoto wake hawarithi zaidi ya theluthi ya mali ya wazazi wao.

Wafanyabiashara wa Nuru

Kiini cha dola hii ni taasisi iitwayo Nyumba ya Salomon, jumuiya ya wanazuoni iliyoanzishwa na Solamona ili kuchunguza sababu za vitu na kupanua uwezo wa binadamu. Siku mmoja wa wazee wake alipoingia mjini, baada ya miaka kumi na miwili bila kuonekana hata mmoja wao, watu walijipanga mitaani kwa utulivu kuliko jeshi. Alipita katika gari la mwerezi, akiinua mkono kuwabariki bila kusema neno, na uso wake ulikuwa wa mtu anayewahurumia wanadamu. Mfalme wa nchi hajapata hata aya moja ya namna hiyo. Anayetaka kujua nani anatawala Bensalem amekwisha kujibiwa.

Ni taasisi hii inayoimiliki njia pekee ya kutokea bandarini. Kila baada ya miaka kumi na miwili meli mbili huondoka, kila moja ikiwa na ndugu watatu wa Nyumba ya Salomon. Hawatafuti dhahabu, hariri wala viungo. Wanatafuta nuru, yaani habari za sayansi, ufundi, viwanda na uvumbuzi wa mataifa mengine, pamoja na vitabu na vielelezo. Hushushwa, wakaishi ugenini kwa majina ya mataifa mengine, na hubaki huko mpaka msafara unaofuata. Watu kumi na wawili wa kazi hii huitwa Wafanyabiashara wa Nuru. Nyumbani kuna watatu wanaokusanya majaribio yaliyomo vitabuni, watatu wanaokusanya ya ufundi, watatu wanaojaribu mapya, na makundi mengine ya watatu watatu wanaopanga, kuelekeza, kutekeleza na hatimaye kufasiri. Mpangilio huo haukuishia kitabuni: waanzilishi wa Royal Society ya London, iliyoundwa mwaka 1660, walimtaja Bacon kama baba wa fikra yao.

Lakini ni biashara ya namna gani ambayo mmoja ananunua na mwenziwe hajui kwamba ameuza? Kila kitu huingia Bensalem na hakuna kinachotoka. Tena, wazee wa Nyumba ya Salomon hukaa pamoja kuamua ni uvumbuzi upi utangazwe na upi ufichwe, na huapa kuzificha siri hizo. Baadhi huijulisha serikali, na baadhi hawaijulishi hata hiyo. Sentensi hiyo imo kitabuni kwa upole, katikati ya orodha ya kazi, kana kwamba ni jambo dogo. Kumbe ndiyo kifungu kikuu cha katiba ambayo Bacon hakuiandika. Daftari la forodha liko mikononi mwa serikali; daftari la maarifa liko juu yake.

Ulinganisho na Kusadikika unajitokeza wenyewe. Shaaban Robert naye alituma wajumbe, sita kwa idadi, kila mmoja kwa upande wake, ili walete maarifa ya kuifaa nchi. Waliporudi walifungwa, na Karama anayewatetea yuko kizimbani kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Kusadikika inawaadhibu wanaoleta nuru. Bensalem inawapa magari ya mwerezi. Kwa haraka mtu angesema ya pili ni bora, na kwa wajumbe wenyewe hapana shaka ni bora. Lakini Karama anatetea maarifa hadharani, mbele ya mfalme na watu wote, na maneno ya wajumbe yanasikika barazani. Huko Bensalem hakuna baraza ambamo raia wa kawaida anasikia kilicholetwa na meli. Anasubiri apewe.

Bandari zilizokuwako

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona mapokezi ya aina nyingine. Meli ilipotia nanga, mashua ndogo ziliijia zikiwa na vijana, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja chakula kile na kumtangaza kuwa mgeni wake. Mfanyabiashara huyo alishukia nyumba ya mwenyeji wake, isipokuwa kama alikuwa mwenye kuujua mji, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Biashara iliyofanywa na mgeni kwa bei ya kumpunja, au bila mwenyeji kuwapo, ilihesabiwa batili. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, hakuchukuliwa na wafanyabiashara. Alipelekwa kwa kadhi na kuwa mgeni wa sultani.

Utaratibu huo nao ni wa udhibiti, na haifai kuupamba. Mwenyeji alipata faida yake, na mgeni asiye na mwenyeji hakuwa na soko. Lakini udhibiti ulipitia mlango wa nyumba ya mtu. Mgeni alikula sahani yenye mpishi, alijulikana na jirani, na akirudi msimu wa pili wa kaskazi alikuwa na jina mjini. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wakizungumzia hisani tu.

Tofauti kubwa zaidi inaonekana kwa wageni waliobaki. Wale waliobaki Bensalem walimezwa. Kitabu hakitaji mtaa wao, wala jina, wala mzao wao. Mombasa iliwaweka katika muundo wa serikali yenyewe. Mataifa Kumi na Mawili ya mji huo, yaliyogawanyika katika Thelatha Taifa na Tisa Taifa, kila upande ukiwa na tamimu wake, yamo ndani yake yaliyochukua majina ya mahali watu walikotoka: Wapate, Wafaza, Washaka, Wakilifi, Wamtwapa. Mtu aliyekuja kwa mashua akawa sehemu ya baraza bila kuacha kuitwa kwa jina la kwao. Mapatano na magomvi ya Mombasa yote yalipitia katika mgawanyiko huo, na watawala wa nje, Waomani na baadaye Waingereza, hawakuweza kuupuuza. Ieleweke hata hivyo kwamba mlango huo haukuwa wazi kwa kila aliyeshuka gatini. Mtumwa aliyeletwa kwa nguvu hakupewa sahani iliyofunikwa, na uungwana wa baraza ulisimama juu ya kazi yake. Bensalem haina watumwa wanaotajwa. Mombasa ilikuwa nao, na historia yake haisomeki bila wao.

Kuna sababu nyingine ya Bensalem kuwahusu wanaoshughulika na Kiswahili, nayo ni ya karibu zaidi. Katika karne ya 19 na ya 20 bandari za pwani hii zilitembelewa na watu waliokuja kutafuta kile kile walichotafuta Wafanyabiashara wa Nuru: lugha, vitabu na mifano. Mmisionari W. E. Taylor alikusanya Mombasa mashairi ya Muyaka bin Haji, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, ambaye bila kumbukumbu na elimu yake mengi ya mashairi hayo yasingejulikana leo. Karatasi za Taylor zilifika London, katika maktaba ya SOAS. Diwani yenyewe ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, huko Johannesburg. Muswada wa Utendi wa Tambuka wenye tarehe ya mwaka 1728 umehifadhiwa Hamburg.

Ni kweli kwamba bila wakusanyaji hao baadhi ya miswada ingeliwa na mchwa na unyevu, na si haki kuwaweka wote katika kapu moja. Taylor aliishi na watu, akajifunza kutoka kwao na kuwataja. Lakini tofauti kati ya kunakili na kuhamisha ni ile ile iliyoko kati ya Mogadishu ya Ibn Battuta na gati la Bensalem: katika moja mwenyeji yupo wakati wa biashara, katika nyingine hayupo. Mwanafunzi wa Lamu aliyetaka kuusoma mkono wa mwandishi wa Lamu alilazimika, kwa miongo mingi, kuomba viza.

Hali hiyo imebadilika kwa sehemu. J. W. T. Allen alikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Mkusanyo huo ulibaki upande huu wa bahari. Katika miaka ya 2000 SOAS nayo iliandaa orodha ya miswada yake ya Kiswahili na kuanza kuweka picha za kurasa zake kwenye intaneti. Msomaji wa Mombasa anaweza sasa kuzitazama akiwa kwao, ingawa karatasi zenyewe bado ziko London, na anayetaka kugusa wino wa Mwalimu Sikujua hana budi kupita uwanja wa ndege, kujaza fomu ya ugeni, na kueleza atakaa siku ngapi.